Vibao vya mpini wa bastola vyenye mabawa ya rubani: je, ni kazi ya vitani kweli, na aliyevitengeneza ni nani?

1. Mabawa na Chuma (mleta uzi)

Salaam, wanajukwaa.

Ninakusanya vibao vya mipini ya bastola ya M1911A1 vilivyochongwa kwa mikono wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wanajeshi wa Marekani walichukua plastiki angavu ya madirisha ya ndege, wakaikata kwa umbo la mpini, kisha wakaifunga kwenye bastola badala ya vibao vya kiwandani. Vingi vina picha ya mke au mchumba chini ya plastiki. Vile nilivyopata karibuni havina picha yoyote: kibao cha kulia kina beji ndogo ya fedha ya mabawa ya rubani iliyolazwa ndani, na cha kushoto ni plastiki tupu inayopitisha mwanga. Nilivinunua kwenye mnada wa mali za marehemu hapa Ohio, bila bastola na bila karatasi. Muuzaji alisema ni vya rubani wa B-17, ile ndege ya mabomu.

Dai langu, ambalo ningependa mlipime, ni kwamba marubani wenyewe hawakuchonga vitu hivi. Fundi wa ndege ndiye aliyekuwa na plastiki, tupa, msumeno na saa nyingi za kungoja ndege zirudi, ilhali rubani alikuwa na beji, mshahara mzuri na sigara za kubadilishana. Naamini tunavyoviita vibao vya rubani ni kazi ya mafundi ambao majina yao hayatajwi popote. Mnasemaje?

2. Ngalawa

Habari, mkuu. Kabla ya kuuliza ni nani aliyevitengeneza, ni lazima kwanza ujue vilitengenezwa lini, na sioni lolote hapo juu linalothibitisha kwamba ni vya wakati wa vita. M1911A1 ilibaki kuwa bastola ya kawaida ya jeshi la Marekani hadi mwaka 1985, ilipochaguliwa Beretta M9. Katikati hapo kuna Vita vya Korea, 1950 hadi 1953, na kuna Vietnam. Askari wa vita hivyo vyote walikuwa na plastiki ileile na bastola ileile.

Na kuhusu B-17, nimefuatilia minada ya aina hii kwa muda mrefu na sijawahi kusikia muuzaji akisema kibao kilitoka kwenye C-47 ya kubebea mizigo, ingawa ndege hizo zilitengenezwa kwa maelfu na zilikuwa na marubani waliobeba bastola kama wengine. Jina la B-17 linapandisha bei, na mimi siwezi kulihesabu kuwa ushahidi.

3. Kijana wa Moshi

Ahsante kwa uzi mzuri. Mkuu, angalia rangi. Kama plastiki imegeuka manjano, basi ni ya kale. Kama ni nyeupe safi kama maji, hiyo ni mpya.

4. Tupa na Msasa

Ndugu Kijana wa Moshi, hapo lazima nikusahihishe, kwa sababu kipimo hicho kimewafanya watu watupe vitu halisi na kununua vya bandia. Kazi yangu hapa Mombasa ni mabango ya akriliki, na plastiki hii naijua kwa vidole na kwa pua. Akriliki ndiyo iliyouzwa kwa majina ya Plexiglas na Perspex tangu miaka ya 1930, na ndiyo iliyotumika kwenye pua za ndege za mabomu, mapaa ya ndege za kivita na vikuba vya wapiga bunduki. Sifa yake kubwa ni kwamba haigeuki manjano kirahisi hata ikikaa juani miaka mingi. Inayogeuka manjano ni plastiki ya selulosi, ambayo nayo ilitumika kwenye baadhi ya madirisha ya ndege za zamani, lakini hiyo mara nyingi hupinda, husinyaa na kutoa harufu ya siki. Kwa hiyo kibao cha manjano kinaweza kuwa cha zamani, kinaweza kuwa cha plastiki nyingine kabisa, na kinaweza kuwa kimechovywa kwenye chai na mtu anayetaka pesa zako.

Mleta uzi, naomba uangalie mambo haya kwa lenzi. Kwanza, kingo. Akriliki iliyokatwa kwa leza ina ukingo unaong'aa kama kioo, wenye mistari myembamba sana inayokwenda sambamba kutoka juu hadi chini, ilhali iliyochongwa kwa tupa ina vibapa vidogo vilivyokutana kwa pembe, na msasa haukuvimaliza vyote, hasa sehemu za ndani ambazo hakuna anayeziona. Pili, matundu ya skrubu. M1911A1 ina skrubu mbili kila upande, na mtu aliyetoboa kwa keekee ya mkono kutoka nje kuelekea ndani huacha mabanzi madogo upande wa pili, pale ncha ilipotokea. Tatu, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, tazama ukingo wa juu wa kibao cha kushoto. Bastola hiyo ina mrija mdogo wa springi juu ya mpini upande wa kushoto, na kibao lazima kichongwe ili kikae chini yake bila kuusukuma. Mtu aliyetengeneza kibao akiwa na bastola mkononi huchonga hapo, hujaribu, huchonga tena, na alama za majaribio hayo hubaki. Anayetengeneza pambo la kuuza kwenye mnada hana bastola ya kujaribia, kwa hiyo hukata kwa kukisia.

Tafadhali usisafishe kwa spiriti wala kwa dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Akriliki ya zamani yenye mkazo ndani yake hupasuka mipasuko myembamba kama utando, na haitibiki.

5. Mzee Kumbukumbu

Amani iwe kwenu, wanangu.

Ningependa kuongeza habari za vibao vya kiwandani, kwa kuwa ndivyo vinavyoeleza kwa nini askari alitaka kuvibadilisha. M1911 ya mwanzo ilikuwa na vibao vya mti wa jozi vyenye michirizi na umbo la almasi kuzunguka kila skrubu. Vita ilipokaribia, viwanda vikahamia plastiki ya kahawia, na vile vya mwanzo vilikuwa dhaifu nyuma hata vikapasuka kwenye matundu ya skrubu, mpaka vikaongezewa mbavu na pete za kuimarisha. Bastola zenyewe zilitoka Colt, Ithaca, Remington Rand iliyokuwa maarufu kwa mashine za kuandikia, na Union Switch & Signal iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya reli. Hata Singer ya vyerehani ilitengeneza 500 tu, ambazo leo wakusanyaji wanazitafuta kuliko zote. Kwa hiyo rubani angeweza kupewa bastola yenye vibao vilivyopasuka, na akamwomba fundi amtengenezee vingine. Haja ya matumizi ilitangulia, urembo ukafuata.

Jambo la pili: bastola ilikuwa mali ya serikali, nayo ilirudishwa ghalani. Vibao vilikuwa vya mtu binafsi. Alivifungua kwa bisibisi, akarudisha vya kiwandani, akaondoka na vyake mfukoni. Ndiyo sababu sishangai hata kidogo kwamba mleta uzi amevipata bila bastola. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama angeuziwa bastola kamili yenye hadithi ndefu.

6. Binti wa Sonara

Shikamoo Mzee Kumbukumbu, na wengine habari zenu. Mmeongea sana kuhusu plastiki na mmeipita beji, wakati beji ndiyo yenye maandishi. Baba yangu alikuwa sonara Unguja, nami nimerithi kazi pamoja na mazoea ya kugeuza kila kitu nione mgongo wake.

Beji ya kawaida ya rubani wa jeshi la anga la Marekani wakati wa vita ilikuwa na upana wa inchi 3, yaani karibu milimita 76 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Ilikuwepo pia ya inchi 2 kwa ajili ya shati. Kibao cha M1911A1 kina urefu unaozidi kidogo sentimita 10, lakini upana wake haufiki sentimita 4. Kwa hiyo beji kamili haiwezi kulazwa kwa upana, ni lazima isimamishwe, bawa moja likielekea juu na lingine chini. Mleta uzi amesema beji ni ndogo. Ninamwomba aipime na atuambie imelala au imesimama.

Nyuma yake kuna mengi zaidi. Beji nyingi za wakati huo zina neno STERLING, maana yake fedha ya asilimia 92.5, na mara nyingi jina au alama ya mtengenezaji, kama N.S. Meyer wa New York au Balfour. Ukikuta alama ya namba na herufi kama 22-M, hiyo ni ya utaratibu wa baada ya vita. Pia angalia mahali pini ilipokuwa. Ili beji ilale ndani ya kibao, pini au vijiti vya kubania vilipaswa kukatwa, na kovu la risasi ya kulehemu halifichiki.

Katikati ya mabawa je? Rubani ana ngao. Mlenga mabomu ana bomu juu ya duara la shabaha, mwongoza njia ana tufe la pete, na mpiga bunduki ana risasi. Rubani wa nyiriri, zile ndege zisizo na injini, ana herufi G kwenye ngao. Nyota juu ya ngao ni rubani mwandamizi, na nyota ndani ya shada ni cheo cha juu zaidi cha urubani. Wale wanawake marubani waliojulikana kama WASP walikuwa na umbo la almasi badala ya ngao. Usiseme "rubani" mpaka uone ngao.

7. Mabawa na Chuma (mleta uzi)

Nawashukuru wote. Nimefanya mliyoagiza kwa kadiri nilivyoweza bila kuharibu kitu.

Katikati kuna ngao tupu, haina herufi wala nyota. Beji imelala kwa upana, na kutoka ncha hadi ncha haizidi milimita 26. Imekaa ndani ya shimo lililochongwa kutoka nyuma ya kibao, uso ukitazama nje kupitia plastiki, na nyuma yake imefunikwa kwa kipande chembamba cha alumini kilichokatwa kwa mkasi. Upande wa ndani wa alumini hiyo kuna rangi ya kijani yenye umanjano, ile ya kuzuia kutu ambayo naifahamu kutoka ndege zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga kule Dayton. Siwezi kusoma mgongo wa beji bila kubandua alumini, na sitaki kuibandua.

Kibao cha kushoto kimechongwa chini ya ule mrija wa springi, Ndugu Tupa. Kuna hatua tatu za tupa, kila moja ikizidi kidogo iliyotangulia.

Kwangu mimi rangi ile ya kijani inaunga mkono dai la fundi wa ndege.

8. Binti wa Sonara

Milimita 26 si beji ya sare hata kidogo. Hiyo ni ile beji ndogo ya kifuani ambayo rubani alimnunulia mama yake, mke wake au mchumba wake aivae, nayo iliuzwa kwenye maduka ya kambini na kwa masonara wa mjini. Hakuna rubani aliyevaa beji hiyo kwenye koti la sare.

Maana yake maelezo yameongezeka. Inawezekana fundi alichagua beji ndogo kwa sababu ilitoshea kwa upana, na rubani akainunua dukani kwa ajili hiyo. Inawezekana mwanamke alimpa rubani beji aliyokuwa akiivaa yeye, ndipo badala ya picha yake akabeba kitu kilichokaa kifuani mwake. Mimi navutwa na hili la pili. Linaeleza kwa nini kibao hiki hakina picha.

9. Ngalawa

Dada Binti wa Sonara, simulizi yako ni nzuri, nami naipinga kwa heshima zote. Kuna maelezo ya tatu, nayo ni mepesi kuliko yote. Beji kamili ya inchi 3 yenye alama ya mtengenezaji mzuri ina bei yake sokoni, na hakuna mghushi atakayeikata pini na kuiharibu. Zile ndogo za akina mama zipo nyingi na ni rahisi. Mtu anayetengeneza vibao vya uongo leo ataanza hapo hapo.

Rangi ya kijani pia haitoshi. Baada ya vita, maelfu ya ndege yalikusanywa Kingman huko Arizona na Walnut Ridge huko Arkansas, yakakatwa na kuyeyushwa. Vipande vya alumini yenye rangi hiyo na mapande ya plastiki yalisambaa nchi nzima. Plastiki na rangi vinaweza kuwa vya mwaka 1943 huku mikono iliyochonga ikiwa ya juzi.

10. Tupa na Msasa

Ngalawa, wewe ungeambiwa jua limechomoza mashariki ungeomba upelekewe risiti. Lakini hoja ya Kingman ni nzito na naikubali. Umri wa mali ghafi hausemi umri wa kazi.

Hata hivyo, zile hatua tatu za tupa chini ya mrija wa springi huwezi kuzipita hivihivi. Aliyezichonga alikuwa na bastola na alikuwa akiijaribisha. Kama ni mghushi, ni mghushi mwenye subira na mwenye silaha.

Ningeuliza juu ya gundi. Alumini imeshikwa na nini? Gundi ya papo kwa papo, hii ya kwenye vichupa vidogo, ilianza kuuzwa mwaka 1958, ingawa kemikali yake iligunduliwa wakati wa vita. Ukiona ukungu mweupe kwenye plastiki kuzunguka kiungio, mara nyingi ni mvuke wa gundi hiyo, na hapo mjadala wa vita umekwisha. Mafundi wa ndege walikuwa na viyeyusho vya kuunganishia akriliki yenyewe, lakini hivyo haviunganishi plastiki na chuma.

11. Pwani Leicester

Habari za huku Uingereza. Natoa upande wa jeshi la anga la kifalme (RAF), kwa kuwa huku tumezoea zaidi vibao pekee kuliko bastola: baada ya mauaji ya shule ya Dunblane mwaka 1996, sheria za mwaka 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia, na ruhusa za silaha za kihistoria zina masharti makali. Kwa hiyo wengi wetu tunakusanya kipande kile ambacho hakihitaji kibali.

Kwa Waingereza kuna kipimo kimoja kizuri sana, nacho ni taji. Mabawa ya rubani wa RAF yana herufi hizo ndani ya shada, na taji juu yake. Wakati wa vita lilikuwa taji la mfalme, lenye matao yaliyoinuka. Elizabeth II alipotawala, taji likabadilika kuanzia mwaka 1953 na kuwa lile ambalo matao yake yamebonyea katikati. Kibao chenye taji la malkia hakiwezi kuwa cha vitani hata kikiapiwa. Bahati mbaya Wamarekani hawana taji, na ngao yao iliendelea vilevile hata jeshi la anga lilipojitenga na la nchi kavu mwezi Septemba 1947.

Mleta uzi, kuhusu dai lako la awali: huku Perspex ya ndege ilichongwa na kila mtu. Wafanyakazi wa viwandani, wasichana wa jeshi la anga, wagonjwa hospitalini. Walitengeneza pete, vidani, misalaba na vindege vidogo. Sioni kwa nini rubani naye asiwe na tupa, hasa alipokuwa amefungiwa chini na ukungu wa Uingereza kwa juma zima.

12. Mjukuu wa KAR

Shikamooni wakubwa. Mimi si mkusanyaji, ila nimeguswa na hili la mikono mingi. Babu yangu alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko. Barabara zilikuwa matope, chakula na risasi vilidondoshwa na ndege. Alirudi na kisu ambacho mpini wake umepangwa vipande vya plastiki angavu na vya rangi nyekundu, kimoja juu ya kingine. Alisema plastiki ilitoka kwenye ndege ya Dakota iliyoanguka, na aliyekitengeneza alikuwa askari mwenzake aliyekuwa fundi seremala kabla ya kuandikishwa. Kisu bado kipo nyumbani na kinatumika.

Sasa nauliza: kama askari wa miguu kutoka Afrika Mashariki angeweza kupata plastiki ya ndege msituni, je, lazima mtengenezaji wa vibao awe fundi wa ndege?

13. Mzee Kumbukumbu

Marahaba, mjukuu wangu. Kitunzeni kisu hicho, na mkiandike maelezo ya babu kwenye karatasi leo hii, pamoja na namba yake ya jeshi kama mnayo. Mipini ya kupanga vipande vya plastiki ilikuwa mingi mno upande wa Warusi pia, lakini vya askari wetu ni vichache vilivyobaki na habari zake.

Swali lako ni la haki, na linaongeza kundi lingine ambalo hatujalitaja: mafundi wa mitaani karibu na viwanja vya ndege. Assam, ambako Wamarekani waliruka kuvuka milima kwenda Kunming, kulikuwa na wafua fedha waliotengeneza mabawa kwa oda, mengine ya fedha na mengine ya nyuzi. Australia, kampuni ya Angus & Coote ya Sydney ilitengeneza mabawa ya Wamarekani. Kama masonara wa nje waliweza kutengeneza beji, waliweza pia kuilaza ndani ya kibao.

Kwa wale watakaosema "tutafute jina la rubani kwenye faili", fahamuni kwamba moto wa St. Louis wa mwezi Julai 1973 uliteketeza karibu asilimia 80 ya faili za wanajeshi wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, na marubani wa vita ile walikuwa chini ya jeshi hilo. Taarifa za ndege zilizopotea zilibaki, nazo zinataja namba za injini na za bunduki za ndege, lakini bastola ya kiunoni haimo.

14. Kijana wa Moshi

Nimejifunza mengi. Naomba kuuliza kidogo pembeni: nimeona mtandaoni vibao vya pembe za ndovu vyenye mabawa ya dhahabu ya rubani wa jeshi la majini, yenye nanga nyuma ya ngao. Hivyo ni halali kununua?

15. Mwanasheria wa Bandari

Ndugu, usiviguse. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilizuiwa na mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 1989. Marekani iliongeza marufuku karibu kamili ya biashara ya pembe za ndovu wa Afrika mwaka 2016, na Uingereza ina sheria yake ya 2018. Misamaha ipo kwa vitu vya kale, lakini ni mzigo wa mmiliki kuthibitisha umri, na vibao vya vitani havina karatasi, kama tulivyoona kwenye uzi huu wote. Ukivileta Kenya au Tanzania utakuwa na kesi ya nyara, wala hakuna atakayekuuliza kuhusu mabawa.

Naongeza jambo linalotuhusu watu wa pwani. Connecticut, jimbo ilipo Colt, ndilo lililokuwa na viwanda vikubwa vya kukata pembe kwa ajili ya vinanda kule Deep River na Ivoryton, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Unguja. Kampuni moja kati ya hizo, Pratt-Read, iliacha vinanda wakati wa vita ikatengeneza nyiriri za jeshi.

16. Ngalawa

Ahsante, mwanasheria. Turudi kwenye plastiki.

Jambo moja halijasemwa. Akriliki iliyosuguliwa inateleza mkononi, hasa mkono ukiwa na jasho, na vibao vya kiwandani vina michirizi kwa sababu hiyo hasa. Askari wa mstari wa mbele asingevitaka. Rubani je? Bastola yake ilikaa kwenye ala ya begani chini ya koti, na wengi hawakuifyatua vitani hata mara moja. Kwa hiyo, kama ni vya vitani, nakubali kwamba mtu wa ndege ndiye anayeelekea zaidi kuvitumia. Hilo halisemi chochote kuhusu aliyevitengeneza, na bado sijakubali kwamba ni vya vitani.

17. Mabawa na Chuma (mleta uzi)

Nimerudi na majibu ya gundi. Hakuna ukungu mweupe. Alumini imeshikwa na kitu cha rangi ya kahawia iliyokolea, kigumu, chenye mipasuko, na pembeni kimefuata njia ya kidole cha mtu aliyekipaka. Nilipomulika kwa taa ya urujuanimno, gundi haikung'aa. Kwenye mfereji wa skrubu moja ya chini kuna nyuzi za karatasi zilizonasa, nazo pia hazikung'aa.

Mchango wa Ngalawa kuhusu kuteleza umenipa wazo. Kibao cha kulia, ndicho ambacho kiganja cha mtu wa mkono wa kulia hukikumbatia, kimekwaruzika kidogo sana. Cha kushoto, kilicho wazi, kimekwaruzika vibaya kwenye ukingo wa nyuma.

18. Tupa na Msasa

Karatasi isiyong'aa ni dalili njema, kwa sababu karatasi nyingi za baada ya miaka ya mwanzo ya 1950 zina dawa ya kuzifanya nyeupe, nayo hung'aa samawati chini ya taa hiyo. Dalili njema tu, kwani karatasi ya kale hupatikana kwenye kitabu chochote cha kale.

Gundi ya kahawia ngumu inaweza kuwa ya aina nyingi, na baadhi zinauzwa mpaka leo. Nami nabaki na fundi wa ndege.

19. Binti wa Sonara

Mikwaruzo ya kushoto nyuma inaweza kutokana na ala. Ala ya begani hukaa chini ya kwapa la kushoto, mpini ukitazama mbele, na sehemu fulani ya kibao husugua kila mtu anapokaa na kusimama. Mwenye ala ya aina hiyo aiweke bastola ya kuchezea ndani yake atuambie ni upande gani unaogusa mwili. Kama ni huohuo, basi vibao hivi vilivaliwa muda mrefu, wala havikukaa kabatini.

Bado nasema beji ile ilikuwa ya mwanamke.

20. Pwani Leicester

Nina ala ya M7 ya kwapani. Nitajaribu Jumamosi. Mleta uzi, naomba vipimo vya umbali kati ya matundu mawili ya skrubu kwa vibao vyote viwili. Kama vilitobolewa kwa kufuata bastola moja, vitalingana mpaka kwenye kasoro zake, na kama havilingani, inawezekana kabisa kwamba kile kilicho wazi kilitoka kwenye seti nyingine.

21. Mabawa na Chuma (mleta uzi)

Nimepima. Cha kulia kinalingana na kiwango cha kiwandani. Cha kushoto kimezidi kwa karibu nusu milimita, na tundu la chini limepanuliwa kwa tupa ndogo ya duara ili skrubu iingie.

22. Ngalawa

Sasa tuna vibao viwili, na huenda watengenezaji wawili. Naomba picha ya karibu ya kila tundu kutoka ndani, kwa mwanga wa pembeni.